Miguu, Upepo na Barabara ya Magugu

Ukitoka Minjingu kuja Babati, barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma inampa mwendesha baiskeli mitihani miwili. Mpaka Magugu, kwenye mashamba ya mpunga, ni tambarare. Kutoka hapo inaanza kupanda kuelekea mjini, upande wa Mlima Kwaraa. Mtu ni yuleyule na baiskeli ni ileile, ila anachoshindana nacho kimebadilika.

Kwenye tambarare anashindana na hewa. Kijana anayenyonga baiskeli ya kawaida kwa kilomita 20 kwa saa, kifua wima, karibu nusu ya nguvu zake zinaishia kuisukuma hewa. Akitaka kilomita 40, ukinzani wa hewa unakuwa mara nne, na kwa sababu anaipasua kwa kasi maradufu, nguvu anayotakiwa kutoa dhidi ya hewa inafika mara nane. Hata kuongeza mwendo kwa asilimia 10 tu kunadai nguvu zaidi dhidi ya hewa kwa theluthi moja. Hakuna mazoezi ya mwezi mmoja yatakayokupa theluthi hiyo.

Hapo ndipo mkao unapoingia. Katika mbio za kupambana na saa kila mtu huachiwa peke yake, hana mgongo wa mwenzake wa kujikinga. Tupige hesabu ya mwendo wa kilomita 45 kwa saa katika hewa ya Babati. Mpanda baiskeli aliyeshika usukani wa kawaida wa mbio atahitaji takriban wati 350. Akiegemeza viwiko mbele vikiwa vimebanana, mgongo ukalala, kichwa kikashuka katikati ya mabega, wati 260 hivi zitamtosha. Sehemu kubwa ya ukinzani hutokana na mwili wenyewe. Baiskeli huchangia kidogo. Kwa vijana wetu hii ni habari njema, maana kiwiko hakiagizwi kutoka Ulaya.

Dunia iliona uzito wa jambo hili tarehe 23 Julai 1989. Siku ya mwisho ya Tour de France, katika mbio za kupambana na saa kutoka Versailles hadi Paris, kilomita 24.5, Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50. LeMond alifunga usukani wa kuegemea viwiko na kuvaa kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake amezifunga kisogoni. LeMond alimzidi kwa sekunde 58 akatwaa ubingwa kwa sekunde 8. Fignon alikuwa pia na kidonda kilichotokana na kiti cha baiskeli, kwa hiyo si haki kuzitwisha nywele lawama zote.

Sasa rudi kwenye mlima. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 15 kwa saa, mtu na baiskeli yake wenye kilo 80 hutumia wati 260 hivi kuinua uzito tu. Hewa inachukua kama wati 12. Anayepanda mwinuko kama huo amejikunja kama mshale anajitesa bure. Huko kinachoamua ni wati kwa kila kilo.

Mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, mbio za kupambana na saa ziliweka mitihani yote miwili katika njia moja: kilomita 40.6 zenye jumla ya kupanda mita 680. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, ambaye mkao wake ni miongoni mwa mikao iliyobana kuliko yote, alitumia dakika 49 na sekunde 46. Alimfikia na kumpita Tadej Pogačar, wakati huo bingwa mara nne wa Tour de France, aliyekuwa ametangulia kuanza kwa dakika mbili na nusu. Jumapili iliyofuata, katika mbio ndefu za milima, Pogačar alimshinda Evenepoel.

Miinuko yetu ina zawadi yake pia. Hewa ya Babati ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12, hivyo inapasuka kwa urahisi, ingawa mapafu nayo hulipia kwa kupata oksijeni pungufu.

Kujikunja kuna gharama. Ukishuka mno, nyonga zinabanwa, pumzi inakatika, na wati ulizookoa kwa hewa unazipoteza miguuni. Kila mwili una kiwango chake, na kukipata hakuhitaji maabara. Alfajiri isiyo na upepo, tafuta mteremko mdogo wa lami unaoishia kwenye tambarare, usiopitiwa na magari, mbali na mabasi ya barabara kuu. Weka alama, jiachie kutoka hapo bila kunyonga, kisha pima baiskeli imesimama wapi. Rudia mara kadhaa kwa kila mkao, tairi zikiwa na upepo uleule. Mkao utakaokufikisha mbali, na ambao bado unaweza kunyonga nao dakika 20 ukihema sawasawa, ndio wa kuanza nao mazoezi.