Pesa ya Mwani Mbele ya Kadhi

Maji yakitoka katika ghuba ya Chwaka, wanawake hushuka na kamba zao kupanda na kuvuna mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kikaenea vijiji vya pwani ya mashariki, na wakulima wake wengi ni wanawake. Pesa ya mwani imenunua sare za skuli, vyombo na vitanda. Imenunua pia matofali, saruji na mabati. Lakini kiwanja aghalabu ni cha mume au cha wazee wake, na risiti ya mabati ina jina la mume kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mjini kuyanunua. Ndoa ikidumu hakuna anayeuliza. Ikivunjika, mke hurudi kwao na godoro na masufuria, nyumba ikabaki na mwenye kiwanja.

Husemwa mitaani kwamba mahakama za kadhi zipo kwa ajili ya wanaume. Waliokaa ndani ya mahakama hizo kwa utafiti hawakuyakuta mambo hivyo. Susan Hirsch, aliyefuatilia mashauri Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, aliona wadai wengi ni wanawake, na mara nyingi walitoka na walichokitaka. Erin Stiles, aliyefanya utafiti wake Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, naye aliona kesi nyingi hufunguliwa na wanawake. Sababu iko wazi: mume hahitaji mahakama ili kuacha. Hutamka, au huandika karatasi, yakaisha. Mke hana budi kwenda kwa kadhi. Akithibitisha kwamba mume amemtelekeza bila ya matumizi au anamdhuru, ndoa yaweza kufasikhiwa, yaani kuvunjwa na kadhi. Akishindwa, hubakiwa na khului: kununua talaka yake, pengine kwa kurudisha mahari. Kwa hiyo, mara nyingi gharama ya kuachwa hutegemea kadhi amemwona nani kuwa mkosa. Mke aliyekimbilia kwa wazazi wake anastahili kuulizwa kilichomkimbiza kabla ya kuulizwa kwa nini alitoka bila ruhusa. Mpangilio wa maswali hayo mawili unaweza kugeuza kesi nzima.

Kwenye talaka, basi, mlango upo. Pagumu ni penye mali.

Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, imewapa makadhi mamlaka ya kugawa mali ya wanandoa pale penye mchango halisi. Ni hatua kubwa, na waliopigania mabadiliko hayo wanastahili shukrani. Lakini mchango huo unathibitishwa vipi? Kanuni kongwe ya kisheria yasema ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Ni kanuni njema, inamlinda mtu asizuliwe. Hebu tazama tu nani husimama upande upi. Katika mali, mume tayari amekaa ndani ya nyumba. Hana cha kudai. Mke ndiye mdai. Yeye hana karatasi, mume anakana na kuapa, shauri linakwisha. Kadhi anaweza kuwa mcha Mungu asiye na chembe ya upendeleo moyoni, na hukumu zake bado zikaegemea upande mmoja mwaka hadi mwaka. Huu ndio upendeleo ninaouhofia zaidi, maana hakuna wa kumlaumu na kwa hiyo hakuna anayeurekebisha.

Tanzania Bara walilijibu swali hili mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi wanalikumbuka hilo na kusahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona alikwishapewa pesa za biashara ya familia akazitapanya. Hata hivyo msingi uliowekwa siku ile hauvuki bahari. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar, na Katiba ya Zanzibar haipeleki Mahakama ya Rufani mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Rufaa za mashauri hayo huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Njia, basi, itafutwe ndani ya fiqhi yenyewe, nayo ipo. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu Unguja tunafuata madhehebu yake, alieleza kwamba mume na mke wakigombania vyombo vya nyumba na hakuna mwenye ushahidi, kila mmoja ale kiapo, kisha wagawane nusu kwa nusu. Hakumweka mume kuwa mwenye mali na mke kuwa mgeni. Malaysia, nchi ya madhehebu hayohayo, mahakama zake za sharia hugawa mali iliyochumwa pamoja katika ndoa na huhesabu hata mchango usio wa pesa taslimu. Kadhi anayelipima jasho la mke haingizi jambo geni katika dini.

Kinachohitajika ni kuuliza zaidi ya risiti. Nani alilisha nyumba wakati ukuta unapanda? Ikiwa mchele, mafuta na ada vilitoka kwenye mwani, basi kipato cha mume kilipata nafasi ya kununua saruji kwa sababu ya mwani huo. Daftari la kikundi cha hisa ni ushahidi. Kumbukumbu za mnunuzi wa mwani ni ushahidi. Fundi aliyepokea ujira wake mkononi mwa mke ni shahidi, na aitwe. Hukumu nayo iandikwe pamoja na sababu zake, ili anayekata rufaa awe na cha kukishika.

Nanyi mnaojenga sasa, waume na wake, andikianeni nani ametoa nini, mweke mashahidi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika tunapokopeshana. Nyumba ina thamani kubwa kuliko madeni yetu mengi, na wakati wa kuandika ni huu ambao bado mnasikilizana.