PUMZI YA MTOTO MCHANGA NI HABARI YA KIFUA CHAKE



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Wanafunzi wapenzi na wazazi waheshimiwa, pumzi ni neema tusiyoikumbuka mpaka tumwone mtoto mchanga anahangaika kuvuta hewa. Katika makala hii tutaeleza namna wataalamu wanavyoipima pumzi ya mtoto mwenye maradhi ya mapafu yanayoletwa na virusi, kisha tutaeleza kipimo ambacho kila mzazi anakiweza nyumbani.

Maradhi yenyewe

Virusi vinavyowasumbua sana watoto wachanga vinaitwa RSV. Viligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe, kisha vikapatikana kwa watoto. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huleta mafua tu. Kwa mtoto wa miezi michache huweza kuteremka hadi kwenye vijia vidogo kabisa vya hewa mapafuni. Vijia hivyo huvimba na kujaa makamasi, na mtoto akapumua kwa taabu. Kwa makadirio ya mwaka 2019, virusi hivi vilihusika na vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka 5 duniani, karibu vyote katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Pumzi hubeba nini?

Mwaka 1991 watafiti wa Sweden walionesha kuwa pumzi ya binadamu ina gesi ya naitriki oksaidi, ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Ni kidogo mno, hata huhesabiwa kwa sehemu katika kila sehemu bilioni moja za hewa. Baadaye ikabainika kuwa wagonjwa wengi wa pumu huitoa kwa wingi zaidi. Ndiyo maana leo mgonjwa wa pumu huweza kupuliza taratibu kwenye mashine kwa sekunde chache, na daktari akapata habari ya uvimbe uliomo ndani bila ya kumchoma sindano.

Kwa mtoto mchanga kazi ni ngumu, kwani huwezi kumwambia "puliza". Husubiriwa alale, akavishwa kifuniko laini mdomoni na puani, na pumzi zake zikakusanywa mfukoni au zikapelekwa moja kwa moja kwenye mashine. Tena pua hutoa gesi hii kwa wingi kuliko mapafu, na moshi wa magari nao unayo. Wasipokuwa waangalifu, watapima pua au barabara wakidhani wamepima kifua.

Njia ya pili ni kuipitisha pumzi katika mrija uliopozwa. Mvuke hugeuka matone, kama yale tunayoyaona kwenye kifuniko cha sufuria, na matone hayo hupimwa maabara.

Mtu angedhani kuwa kwa mtoto mwenye RSV gesi ile itapanda kama kwa mwenye pumu. Kumbe baadhi ya watafiti wamekuta kinyume chake: wakati wa ugonjwa huwa chini kuliko ya watoto wazima. Hapa pana funzo. Vifua viwili vinaweza kutoa sauti moja na maradhi yakawa mbalimbali. Basi tusimpe mtoto mchanga dawa ya pumu ya kaka yake kwa kukisia. Na tujue kuwa kipimo hiki kwa wachanga bado ni cha utafiti. Daktari humtambua mgonjwa kwa kumtazama na kumsikiliza.

Kipimo cha nyumbani

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake uhesabu pumzi kwa saa, dakika nzima. Anapumua kwa haraka kupita kiasi akifikia:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi.

Akifikia hapo, mpelekeni hospitali. Na kama chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au midomo inageuka rangi ya buluu, au pumzi inakatika, msingoje kuhesabu. Nendeni saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Nasaha kwa wanafunzi

Utafiti uliofanywa majumbani huko Kilifi, Kenya, mwaka 2009 na 2010 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya wachanga walioambukizwa RSV waliipata nyumbani mwao, na aghalabu aliyeileta ni kaka au dada. Mafua unayoyaona madogo wewe yanaweza kumlaza hospitali mdogo wako.

Mtume (S.A.W.) alipopiga chafya alikuwa akiufunika uso wake na kuipunguza sauti yake. Tuifuate sunna hiyo. Tuoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto, na mwenye mafua asimbusu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhi watoto wetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.