Aliyefungua Redio ya Mama na Aliyefunga Baraza

Ukiteremka Barabara ya Magadi kutoka Kiserian kuelekea Olorgesailie, unapita Oltepesi, kituo kidogo cha wafugaji wa Kajiado Magharibi kwenye joto la Bonde la Ufa. Huko Olorgesailie ndiko Louis na Mary Leakey walikoanza kuchimba miaka ya 1940, wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa ardhini. Mwaka 2018, watafiti waliendelea pale walipoishia hao na kutangaza jambo zito zaidi: yapata miaka 300,000 iliyopita, mafundi wa eneo hili walikuwa wakichonga vyombo vidogo vya makali kwa jiwe jeusi la volkano lililotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Nyumbani halikuwepo. Lilifuatwa, au lilipatikana kwa kubadilishana na watu wa mbali.

Nimeanza na mawe hayo kwa sababu siku hizi tunaambiwa kila mara kwamba teknolojia “inakuja” Kajiado. Itatoka Nairobi, au itatoka Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013 kwenye ekari 5,000. Mtoto wa mfugaji anahesabiwa kuwa mpokeaji tu.

Richard Turere hakupokea. Boma la kwao, upande wa Kitengela, limepakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini hauna ua. Pundamilia wakitoka kutafuta malisho, simba huwafuata, na usiku simba hao huingia mazizini. Richard alikabidhiwa ng'ombe wa babake akiwa na miaka tisa hivi. Kwanza alijaribu moto. Ukawa unawamulikia simba njia tu. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliondoka, lakini siku ya pili wakaona kitu hakisogei, wakaua. Ndipo usiku mmoja, akizunguka zizi na tochi, akagundua kwamba simba hawakuthubutu kuja. Waliogopa mwanga unaotembea.

Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, balbu za tochi mbovu na kile kisanduku kinachofanya indiketa ya pikipiki iwakewake. Taa zikawa zinapepesa kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna mtu anatembea, naye Richard amelala kitandani. Alikuwa na miaka 11. Majirani wakaja kuomba wafungiwe taa zao, na kufikia mwaka 2013, alipoalikwa kusimulia habari hiyo kwenye jukwaa la TED huko California, alikuwa amezifunga katika maboma saba. Umeme hakufundishwa na mtu. Alieleza jukwaani kwamba aliwahi kuifungua redio mpya ya mamake, na siku hiyo nusura mama amuue.

Kwa taa hizo Turere hakuandika hata mstari mmoja wa programu. Lakini njia aliyopita ndiyo ya mwandishi yeyote mzuri wa programu: kujaribu, kumwangalia anayetumia kile ulichokitengeneza (hapa, simba), kukubali kwamba kimeshindwa, kisha kurudi mezani.

David Kobia aliijua njia hiyo kwa uchungu mwingine. Mkenya huyu aliishi Birmingham, Alabama, akisimamia Mashada, baraza la mtandaoni ambalo Wakenya wa nyumbani na ughaibuni walilitumia kuzungumza. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, baraza likajaa matusi ya kikabila hadi wasimamizi wakalemewa. Kobia akalifunga, na mahali pake akaweka ukurasa uliokataa ukabila. Kwa mtengenezaji, kuzima kazi ya mikono yake ni jambo gumu kuliko kuiwasha, na kwa maoni yangu uamuzi ule una uzito kuliko tuzo zozote alizopata baadaye.

Katika kipindi hichohicho cha ghasia zilizofuata uchaguzi, alikuwa pia akitengeneza kitu kingine. Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa ameomba mtandaoni wajitokeze mafundi wa kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi, kwani serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Erik Hersman, mmoja wa walioitikia, akamtafuta Kobia, Juliana Rotich akajiunga nao, na kabla Januari 2008 haijafika katikati, ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ilikuwa hewani. Mtu aliandika ujumbe kwa simu yake ya mulika mwizi, na tukio likaonekana kwenye ramani. Ramani haikuzuia panga hata moja. Ghasia zile ziliua watu zaidi ya 1,100. Ilichofanya ni kuhakikisha mashahidi hawanyamazishwi.

Kisha wakaifanya iwe programu huria, na hapo ndipo ilipopata nguvu. Yeyote aliweza kuichukua na kuibadilisha. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliisimika kwa ajili ya Haiti, na Wahaiti walioko ughaibuni wakajitolea kutafsiri jumbe za Kikrioli zilizokuwa zikimiminika kupitia nambari 4636. Mwaka huohuo jarida la Technology Review la MIT lilimtuza Kobia.

Mwaka 2010 pia ndipo Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor walipoanzisha AkiraChix jijini Nairobi ili wasichana, hasa wa familia zisizojiweza, wafundishwe kuandika programu. Angela aliajiriwa Ushahidi, akafanya kazi na mafundi wa nchi nyingi wanaoiboresha, na, kwa jina la Angela Oduor Lungati, akapanda hadi kuwa mkurugenzi mtendaji wake. Safari yake inawajibu wazazi wanaouliza kama kazi ya kompyuta ina mwisho mwema kwa binti.

Hakuna kati yao aliyesubiri mji mpya ujengwe. Wote walikuwa na tatizo lililowagusa na kifaa cha kuchezea, na isipokuwa Turere, walikuwa pia na watu wa kuwaomba msaada. Kati ya hivyo vitatu Kajiado inakosa zaidi viwili vya mwisho. Serikali ya kaunti inaweza kuvileta bila kungoja Konza. Kompyuta zilizofungiwa katika ofisi za walimu wakuu zitolewe, vyuo vya ufundi viwafungulie vijana milango jioni na wakati wa likizo, na mafundi wa simu wa Kitengela walipwe kuwafundisha watoto wa Oltepesi. Nanyi wazazi, mtoto akiifungua redio, msimchape, mtafutieni bisibisi.