Nilizima taa ya breki, nusura nizime roho zetu!

Wiki hii sina stori za mapenzi, ingawa binti mmoja yumo humu ndani, utamkuta huko mbele. Wiki hii natubu. Mjomba wangu hulisoma gazeti hili kuanzia nyuma, kwenye michezo, kwa hiyo akifika ukurasa huu ajue kwamba yale niliyomwambia kwa mdomo nayarudia kwa maandishi.

Mjomba ana saluni yake ya Kijapani, ya zamani, ya gia za kubadilisha kwa mkono. Akisafiri ufunguo ananiachia mimi, nipeleke watoto shule na kumfuatia mambo yake mawili matatu. Na mimi, sitaki kukuficha, nikishika usukani ule najiona mwenye mji.

Sasa siku moja mjomba yuko Dodoma, nakata kona ya kuingia mtaani kwetu Mbezi, taa nyekundu ikamulika kwenye dashibodi. Ile yenye duara na alama ya mshangao katikati. Nikanyoosha usukani, ikazima. Kona nyingine, ikawaka tena. Nikaangalia hendibreki, iko chini kabisa. Nikasema ah, nyaya tu hizi zinagusana, magari ya zamani kila taa ina wazimu wake.

Kwa bahati nilimpigia mjomba. Hapo hapo akanitumia shilingi 60,000. Akaniambia, "Mpelekee fundi kesho asubuhi. Mwanangu, breki si kitu cha kuchezea."

"Sawa mjomba, kesho asubuhi na mapema."

Kesho yake nikafungua boneti mwenyewe. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimeshuka chini ya alama ya MIN. Nikacheka! Kumbe gari lina kiu tu! Nikanunua kachupa ka DOT 3 dukani, nikamimina mpaka MAX, nikawasha gari. Taa kimya. Nikajipigapiga kifua. Form Four bila ufundi wowote, lakini gari nimetengeneza.

Chenji je? Ndiyo hapo binti anapoingia. Jioni ile tulikuwa Sinza, chipsi kuku, soda baridi, mziki kwa mbali. Akaniuliza nafanya shughuli gani. Nikamjibu bila haya, "Nashughulika na magari."

KIMBEMBE CHA KIMARA

Jumamosi ikafika. Watoto wawili wa mjomba, wa miaka 9 na 6, nawapeleka kwa bibi yao Magomeni. Tangu tunatoka nyumbani niliona pedeli ya breki haina ule ugumu wake. Unakanyaga inazama kama unakanyaga godoro, halafu gari linasimama kwa kuchelewa. Nikaangalia dashibodi, taa imezima. Nikajiambia, taa imezima bwana, twende.

Tukashika Barabara ya Morogoro. Pale kwenye mteremko wa Kimara kuja Ubungo, daladala mbele yangu ikasimama ghafla kuokota abiria. Nikakanyaga breki. Mguu ukaenda... ukaenda... mpaka karibu na sakafu! Gari linateremka tu.

Yule mdogo nyuma akaniuliza, "Kaka, mbona hatusimami?"

Msomaji, swali lile sitalisahau. Nilipampu pedeli haraka haraka, mara tatu, mara nne, nikaitupa gia ya pili, injini ikalia kama mbuzi. Pedeli ikapanda kidogo. Nikavuta hendibreki kidogo kidogo, kidole kwenye kitufe chake ili isikamate magurudumu ghafla, nikalipeleka gari pembeni. Tulisimama pua ya gari ikiwa imeipita daladala, upande wa kushoto. Mama mmoja aliyekuwa anashuka alirudi ndani kwa kuruka. Hatua moja zaidi, leo ningeandikia haya mahabusu, kama ningekuwa wa kuandika.

Alivyonitukana yule mama, sikumjibu. Alikuwa na haki yake.

FUNDI ANANIPA SHULE

Watoto nikawapandisha daladala na jirani tuliyekutana naye pale, gari likaja kuvutwa kwa kamba, taratibu, dereva mzoefu kwenye usukani na mkono wake kwenye hendibreki. Fundi wenyewe ni mzee, mikono myeusi kwa grisi. Nikamweleza yote, na ile kachupa yangu. Hakucheka.

"Bwana mdogo," akasema, "ile taa ilikuwa shahidi. Wewe umemhonga shahidi akanyamaza, ukadhani kesi imekwisha."

Akainamia gurudumu la nyuma kushoto, akapitisha kidole upande wa ndani wa tairi. Kikatoka kimelowa. Silinda ndogo ya gurudumu lile mpira wake ulikuwa umechoka, unavuja. Kwa nini taa iliwaka kwenye kona tu? Kwa sababu ndani ya kikopo kuna boya. Mafuta yakipungua, boya linashuka na taa inawaka. Yakiwa yamepungua kidogo, ukikata kona yanamwagikia upande mmoja, boya linayumba, taa inamulika halafu inazima.

Na ule ulaini wa pedeli? Hewa. Mafuta ya breki hayabonyei, ukikanyaga yanapeleka nguvu zote kwenye magurudumu. Lakini yakipungua sana, au yakiwa na mahali pa kuvujia, hewa nayo inapata njia ya kuingia. Hewa inabonyea. Nguvu ya mguu wako inaishia kubana hewa badala ya kusimamisha gari. Mimi nilijaza kikopo, taa ikaridhika, lakini hewa ilibaki mle mle kwenye mabomba, na uvujaji ukaendelea.

Fundi akabadilisha silinda ile pamoja na shuu za breki za nyuma, maana shuu iliyolowa mafuta haikamati tena. Kisha tukatoa hewa. Adhabu yangu ikawa kukanyaga. "Kanyaga! Shikilia!" Yeye anafungua niplo, mafuta yanatoka na mapovu kwenye kipira kama soda iliyotikiswa, anafunga, ndipo naachia. Alianza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, akawa anaongeza mafuta kwenye kikopo kisikauke. Mapovu yalipoisha, pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

CHUKUA HII, ITAKUSAIDIA

Taa nyekundu ikiwaka, kwanza angalia hendibreki kama imeshuka yote. Pili, simamisha gari mahali pa tambarare uangalie kikopo. Kikiwa chini ya MIN, ama pedi zimeliwa sana, ama kuna mahali panavuja. Mafuta ya breki hayanywewi kama petroli.

Tatu, gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, kanyaga pedeli ushikilie. Ikiwa laini na inapanda ukipampu, shuku hewa. Ikizama yenyewe polepole chini ya mguu wako, shuku masta silinda au uvujaji. Kwa vyovyote vile usiendeshe, mwite fundi aje ulipo.

Nne, usithubutu kutia oili ya injini kwenye kikopo kile, inavimbisha mipira yote ya breki. Tia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Na hata kama hakuna kinachovuja, mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Breki zikipata moto mteremkoni yanachemka, mvuke nao unabonyea kama hewa. Ndiyo maana mafundi wengi husema uyabadilishe kila baada ya miaka 2 hivi.

Gharama yote ilizidi zile 60,000. Simu yangu nikaiweka bondi, kisha nikamwazima fundi yake nimpigie mjomba. Nikamwaga yote: kachupa, chipsi kuku, Kimara. Akanyamaza muda mrefu, nikajua leo nimekwisha.

"Watoto wazima?" akauliza.

"Wazima, mjomba."

"Na wewe?"

Hapo ndipo machozi yalinitoka, mtu mzima mimi, mbele ya mafundi.

Yule binti wa Sinza naye juzi ameniuliza magari yanaendeleaje. Nimemwambia nimestaafu. Haya, tukutane wiki ijayo, na kabla hujatoka asubuhi, kanyaga breki kwanza!