Mkono wa Mtu katika Mto Tana

Nchi ya Garissa ni kavu, na uhai wake umeshikwa na Mto Tana, mrefu kupita mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita Garissa, kisha huteremka hata Bahari ya Hindi.

Zamani mto huu haukuingia baharini hapo Kipini unapoingia leo. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni ili kuunganisha Tana na Mto Ozi. Maji yakaufuata mfereji, yakaupanua, nayo njia ya kale ikadhoofika.

Huko chini Wapokomo walizoea kungoja gharika. Maji yakipungua, walipanda mpunga katika tope jipya, mbolea isiyonunuliwa. Lakini tangu Bwawa la Kindaruma, mwaka 1968, mkono wa mtu umeugusa mto tena. Mabwawa hutoa umeme wenye manufaa, ila huzuia tope na kupunguza mafuriko ya kadiri. Makubwa hayakukoma: mwaka 2018 na 2024 maji yaliwahamisha watu Garissa.

Basi anayefungua maji huko juu na amkumbuke mkulima aliye chini.