Meseji si fedha: angalia salio kabla ya kufungua ghala

Wiki hii ukurasa huu hauanzi na bei ya gunia. Unaanza na duka moja la jumla la unga na sukari jijini Dar es Salaam, ambalo mwandishi wa safu hii analijua vizuri kwa sababu mwenye nalo ni shangazi yake. Jumamosi moja, wakati foleni imefika mpaka barazani, mteja mgeni alichukua mzigo wa shilingi 480,000, akabonyeza simu yake mbele ya kaunta, na baada ya sekunde chache simu ya dukani ikalia. Meseji ilikuwa imekamilika: jina la mlipaji, kiasi, namba ya muamala, tarehe na saa, hata salio jipya. Shangazi akashukuru, vijana wakapakia bajaji. Jioni, wakati wa kufunga hesabu, fedha hizo hazikuwapo.

"Mwanangu, niliiona kwa macho yangu," alisema. Ni kweli aliiona. Alichoona ni maandishi.

Tufanye hesabu ya hasara hiyo kama inavyofanywa kwenye daftari. Mzigo ule, kwa bei ya kununulia, ulimgharimu shilingi 450,000. Faida yake kwa mfuko mmoja wa unga ni shilingi 1,500 hivi, baada ya kutoa usafiri na vibarua. Ili arudi pale alipokuwa kabla ya mteja yule kuingia, ilimbidi auze mifuko 300 bila kula hata senti ya faida. Kwa duka la kiasi hicho hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na kodi ya pango haisubiri.

Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zianze nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya M-Pesa kuzinduliwa Kenya, biashara ndogo na za kati zimepata nafuu kubwa. Mnunuzi wa mpunga hahitaji tena kusafiri na mabunda ya noti kwenye soksi. Lakini wepesi huohuo ndio mtaji wa matapeli: fedha ikishatoka kwenye namba yako, kwa dakika chache tu inaweza kuwa imetolewa kwa wakala katika mkoa mwingine.

Mbinu zao ni nyingi na hubadilika kila msimu, kwa hiyo kuzikariri zote ni kazi bure. Afadhali kulielewa jambo moja ambalo mbinu hizo zote zinalitegemea. Tapeli anakuletea habari, kisha anataka uihakiki kwa njia ileile aliyoileta yeye. Meseji ni yake, namba ya kupiga ili kuuliza ni yake, na kiungo cha kubofya ni chake. Ukihakiki kwa njia uliyoifungua wewe mwenyewe, kama vile menyu ya simu yako, namba uliyokuwa nayo tangu zamani au mtu unayemfahamu, mchezo wake unaishia hapo. Ndiyo sababu kila tapeli ana haraka. Haraka ni ya kukuzuia usifungue njia yako.

MALIPO YA KUBUNI

Turudi dukani. Meseji ile ilitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, wakati taarifa halisi za malipo huja kwa jina la huduma. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, ingawa haitoshi peke yake, kwani jina la mtumaji nalo huweza kughushiwa. Dalili ya pili ilikuwa nzito zaidi: salio jipya lililoandikwa halikulingana na fedha zilizokuwamo. Aliyeandika hakuwa na njia ya kulijua salio la shangazi, akabuni tu. Nani lakini anasoma salio wakati watu sita wanagombea sukari?

Dawa ni kufungua menyu ya huduma kwenye simu na kutazama salio, au kutazama orodha ya miamala ya Lipa Namba, kabla mzigo haujatoka. Shida kubwa ya maduka yetu ni kwamba kijana wa kaunta hana namba ya siri ya bosi, na bosi hafanyi vibaya kutompa. Basi duka liwe na laini yake ya kupokelea malipo, ambayo jioni huhamishiwa benki, na kijana aweze kutazama salio la laini hiyo tu. Kama hilo haliwezekani, ampigie bosi atazame yeye. Mteja mkweli atasubiri dakika mbili. Anayeanza kufoka kuwa anadharauliwa, mwache afoke.

Ndugu wa karibu wa mbinu hii ni ile ya "nimekosea kutuma". Unapata meseji ya fedha zilizoingia, kisha mtu anapiga akilia kuwa zilikuwa za mgonjwa hospitalini, urudishe haraka kwa namba nyingine. Mara nyingi hakuna kilichoingia, na unachomtumia ni chako. Hata pale fedha zilipoingia kweli, usizitume kwa mkono wako, kwani mjanja anaweza kupokea kutoka kwako na papo hapo kudai kampuni ya simu imrudishie muamala wa kwanza. Mwambie awasiliane na kampuni yake ili muamala urejeshwe kwa utaratibu, nawe usizitumie fedha hizo.

Kuhusu meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", hakuna haja ya kupoteza wino. Zinafahamika. Zinachohitaji ni mtu mmoja tu kati ya maelfu ambaye kweli alikuwa anakaribia kutuma kodi ya nyumba au malipo ya fundi. Kabla ya kutuma kwa namba mpya, mpigie mdai wako kwa namba yake ya zamani.

SIMU KUTOKA "HUDUMA KWA WATEJA"

Hapa mpigaji huwa na lugha safi, anakutaja kwa jina, na anasema laini yako itafungwa leo saa kumi au umeshinda zawadi. Kujua jina lako si ajabu: yeyote anayeanzisha kukutumia fedha huliona kabla ya kuthibitisha. Atakachotaka ni namba ya siri, au namba za muda zilizoingia kwenye simu yako, au ubonyeze tarakimu anazokutajia. Tarakimu zinazoanza na *21* zinahamisha simu zako ziende kwa namba nyingine, na waliozibonyeza wamegundua baadaye kwamba simu za uhakiki kutoka huduma mbalimbali zilikuwa zikipokelewa na mtu mwingine.

TCRA na kampuni za simu wamekuwa wakitangaza kwamba huduma kwa wateja humpigia mteja kwa namba 100. Hata hivyo mwandishi anashauri njia ya wakulima: kata simu, kisha piga 100 wewe mwenyewe uulize.

Mawakala wana yao. Mtu anapiga akijitambulisha kama msimamizi wa eneo, anataka wakala afanye "muamala wa majaribio" kwa sababu mfumo unafanyiwa matengenezo. Hakuna matengenezo yanayohitaji floti ya wakala iende kwa namba ya mtu.

Kwenye WhatsApp, zile tarakimu sita za uhakiki ndizo ufunguo wa mlango. Ukimpa mtu, anaingia na kuwaandikia wadau wako kwa jina na picha yako: "Naomba nikopeshe laki tatu mpaka kesho asubuhi." Ukiipokea meseji ya namna hiyo kutoka kwa mfanyabiashara mwenzako, mpigie umsikie sauti, tena muulize jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua, kwani siku hizi hata sauti huigizwa na kompyuta.

MZIGO WA NJE NA AKAUNTI MPYA

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea kwa mkupuo, na hapa pia ndipo wasomaji wetu wa Kariakoo wanapojiona wako salama kuliko wengine. Fikiri juu ya mwagizaji wa vitenge au vipuri anayenunua kutoka Guangzhou. Amefanya kazi na kiwanda hicho miaka minne. Ameshalipa malipo ya awali ya asilimia 30, na mzigo umekamilika. Siku mbili kabla ya kulipa asilimia 70, inaingia barua pepe: akaunti yetu inakaguliwa na wakaguzi wa hesabu, tafadhali lipeni kwenye akaunti hii nyingine. Ankara ni ileile, nembo ni ileile, bei mpaka senti ya mwisho ni ileile. Anakwenda benki, anafanya TT. Wiki moja baadaye kiwanda kinauliza mbona hamjalipa.

Kilichotokea ni kwamba mtu aliingia kwenye barua pepe ya upande mmoja, akakaa kimya akisoma mazungumzo, akasubiri siku ya malipo. Wakati mwingine huunda anwani inayofanana, yenye herufi moja tu tofauti, ambayo jicho lenye usingizi halitaiona. Ukubwa wa balaa hili unapimika Marekani, ambako shirika la upelelezi la FBI lilipokea malalamiko yenye hasara ya dola bilioni 2.9 kwa aina hii pekee katika mwaka 2023. Hayo ni makampuni yenye wahasibu na wanasheria.

Dalili za kutazama ni akaunti iliyo katika nchi ambayo muuzaji hayupo, jina la akaunti lisilo la kampuni, na haraka. Lakini hata dalili zikikosekana, badiliko lolote la akaunti lithibitishwe kwa sauti, kwa namba iliyo kwenye ankara za miaka iliyopita au kwenye kadi aliyokupa mlipoonana. Namba iliyoandikwa chini ya barua pepe mpya usiipige, kwani ni ya mwandishi wa barua hiyo. Wengine hutuma kwanza kiasi kidogo na kusubiri kiwanda kikiri kwa simu kuwa kimepokea. Gharama ya benki inauma, ila si kama kupoteza kontena.

FAIDA YA KILA SIKU

Kwa wawekezaji wadogo, mtego umevaa suti. Ni programu ya simu inayoonyesha fedha zako zikikua asilimia 2 kwa siku. Tuchukue kalamu. Shilingi 100,000 ikikua asilimia 2 kila siku, na faida ikiachwa humo, baada ya siku 365 inakuwa zaidi ya shilingi milioni 137. Hati fungani za Serikali za miaka 20 na 25 katika miaka ya karibuni zimelipa kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka mzima. Mwenye siri ya asilimia 2 kwa siku angekopa benki akatajirika kimya kimya, asingeihitaji laki yako.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, akawalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata. Kwetu, wengi wanaikumbuka DECI iliyowaambia watu "wapande mbegu" wavune, mpaka ikasimamishwa mwaka 2009. Kilichobadilika ni kwamba leo tapeli hahitaji ofisi. Anakuachia utoe kiasi kidogo mara mbili tatu ili uamini, uite na shemeji zako. Siku unapotaka kutoa kingi, unaambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia". Salio linaloonekana kwenye programu yake ni kama ile meseji ya dukani kwa shangazi. Ameliandika yeye.

Wakikuonyesha cheti cha BRELA, fahamu kwamba hicho kinathibitisha kampuni imesajiliwa. Hakiwapi ruhusa ya kukusanya fedha za umma. Ulizia leseni Benki Kuu, au kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama wanauza hisa au vipande, na uende wewe mwenyewe, si kwa kiungo walichokutumia.

IKISHATOKEA

Aibu ndiyo inayowachelewesha wengi. Shangazi alikaa siku tatu bila kusema. Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani: kama umetuma fedha, piga kampuni ya simu au benki waombwe kuzuia kiasi hicho kabla hakijatolewa. Usifute meseji, namba wala picha. Nenda polisi upate RB, kwani bila hiyo kampuni na benki hawana mahali pa kuanzia, na kosa lenyewe limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Meseji za kitapeli zipelekwe namba 15040 ya TCRA pamoja na namba iliyozituma, ili ifungiwe.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulitarajiwa kuwamaliza watu hawa. Haukuwamaliza, kwani baadhi ya laini zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasio na habari. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka zimeitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa majaribio ya ulaghai, lakini namba ya simu haisemi ni nani aliyeishika. Piga *106# uone ni laini ngapi ziko chini ya kitambulisho chako cha NIDA. Mwandishi alipopiga alikuta moja asiyoijua, akaenda kuifunga siku hiyohiyo.

Bei za mchele, mahindi na maharage za wiki mbili zitachapishwa pamoja toleo lijalo.