Seli Hubonyezwa Kama Embe

Mnunuzi wa embe haridhiki kwa macho, hulibonyeza. Wanasayansi nao hubonyeza seli hai. Hadubini ya nguvu za atomi, iliyobuniwa mwaka 1986, ina kijiti chembamba chenye ncha kali mno. Ncha ikiisukuma seli, kijiti hupinda, na mwali wa leza unaoakisiwa juu yake huonyesha kimepinda kiasi gani. Hapo ndipo ugumu wa seli hupigiwa hesabu.

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima seli kutoka maji yaliyojaa vifuani mwa wagonjwa. Seli za saratani iliyosambaa zilikuwa laini kwa zaidi ya asilimia 70 kuliko seli salama, ingawa kwa umbo zilifanana. Jicho hudanganyika, mguso ukafichua.